SOMO: UJIRA NI ZAIDI YA FEDHA YA MWISHO WA MWEZI



Somo letu safari hii ni la waajiri na waajiriwa. Pengine msomaji atasema, "Mimi si mwajiri, nina duka dogo tu," au, "Mimi nina binti mmoja anayenisaidia nyumbani." Lakini, ndugu, mtu yeyote anayemwita mwenziwe kila siku aje afanye kazi, akampangia saa na kumlipa, huyo ni mwajiri. Hapa Mafia waajiri ni wengi kuliko tunavyodhani. Wamo wenye mashamba ya minazi, wenye vyombo vya uvuvi, wenye nyumba za wageni Kilindoni na Utende, na sisi tunaokaa katika halmashauri na kamati mbalimbali, tukiwa na mlinzi, mfagizi au karani.

1. Tulivyokosa sisi wenyewe

Twaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka iliyopita baadhi yetu tulikuwa wajumbe wa kamati moja iliyokuwa na jengo la kulindwa. Tulimweka mzee mmoja kuwa mlinzi, akakaa nasi miaka 16. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alimpa bahasha, naye aliipokea kwa mikono miwili. Hatukumchelewesha sana, wala hatukumtukana. Idi ilipofika tulimpelekea nyama na mchele, maana yeye ni Mwislamu. Basi tukajiona waajiri wema.

Macho yake yalipopungua nguvu tulimwambia apumzike. Tukachanga, tukamnunulia godoro, tukafanya kikao cha kumwaga na kupiga makofi. Mzee akasimama akasema, "Wanangu, nashukuru sana kwa godoro. Lakini mwezi ujao nije kuchukua nini?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Baadaye tulikwenda kuuliza, tukaonyeshwa hesabu. Miaka 16 ni miezi 192. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, hutaka michango ya miezi 180 ili mwanachama aliyefikia umri wa kustaafu apate pensheni kila mwezi maisha yake yote. Mzee alikuwa amefanya kazi ya kutosha na kuzidi. Sisi ndio hatukupeleka hata mchango mmoja. Tangu wakati ule tumekuwa tukichangishana ili kumsaidia. Miezi mingine tumempelekea kitu, miezi mingine tumesahau. Hapo ndipo tulipojifunza tofauti ya pensheni na huruma: pensheni ina tarehe yake, lakini huruma yetu haina.

Somo hili tunaliandika ili asipatikane mzee mwingine wa namna hii kati yetu.

2. Maneno tunayoyatumia

Yafaa tuyatazame maneno yetu wenyewe, kwa kuwa yana mafundisho ndani yake.

Kibarua maana yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19 huko Unguja, mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kijikaratasi, na kwa kijikaratasi hicho alidai malipo yake. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo tangu zamani ilijulikana kwamba kazi haina budi kuwa na ushahidi wa maandishi.

Mshahara ni neno lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ni malipo yenye wakati wake. Yakipita wakati, hata jina lake limeharibika.

Posho ilikuwa chakula cha kila siku walichopewa wapagazi na wafanyakazi wa mashamba. Hutukumbusha kwamba anayefanya kazi ana tumbo, tena ana watoto.

Kiinua mgongo hakihitaji maelezo marefu. Aliyeinama kwa miaka mingi akifanya kazi, siku ya kuondoka husaidiwa kunyanyuka.

Kisiwa chetu kina sababu ya pekee ya kuyakumbuka hayo. Katika karne ya 19 mashamba ya minazi ya Mafia yalilimwa na watumwa, watu waliofanya kazi bila ujira. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Hata baada yake, katika mashamba makubwa ya nchi kibarua alipewa kipande chenye nafasi 30. Siku asiyomaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama, naye hakulipwa mpaka nafasi zote zijae, hata kama majuma sita yamepita. Basi haki tunazozitaja hapa chini si mapambo, maana waliotutangulia hawakuwa nazo.

3. Sheria yasemaje

Sheria kubwa ya mambo haya kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamhusu mfanyakazi wa hoteli, na inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani na mlinzi wa kanisa. Tutaje mambo yake makubwa.

(a) Maandishi. Mwajiri hana budi kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina lake, mahali alipoajiriwa, kazi yake, siku ya kuanza, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyohesabiwa, na vitu vingine atakavyopata, kama chumba au chakula. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri amweleze kwa lugha anayoifahamu. Ikiwa baadaye kuna shauri na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano ni wake yeye mwajiri. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni hivyo hivyo.

(b) Saa za kazi. Saa za kawaida hazizidi 45 katika juma, wala 9 kwa siku, wala siku 6 kwa juma. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, nazo zisizidi 50 katika majuma manne. Anayefanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5.

Tupime mlinzi wetu kwa kipimo hicho. Alikaa langoni saa 12 kila usiku, usiku 7 kwa juma. Hizo ni saa 84. Alizidisha saa 39 kila juma, yaani 156 katika majuma manne, nasi tulidhani tunampa kazi nyepesi. Walinzi wawili wakigawana usiku hizo, kila mmoja hupata saa 42 kwa wastani. Sheria huruhusu zamu ya saa 12 pamoja na nafasi ya kula, kwa makubaliano ya maandishi, lakini isizidi siku 5 katika juma.

(c) Likizo. Mfanyakazi hupata siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Akiugua, katika kipindi cha miezi 36 ana siku 126: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua hupata siku 84, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, siku 100. Wengi wetu humwambia binti wa nyumbani aliyepata mimba arudi kwao. Ndugu, hiyo si desturi ya kuiendeleza.

(d) Makato. Mshahara haukatwi ovyo. Sahani ikivunjika, au injini ya boti ikiharibika, mwajiri hawezi kujiamulia tu mwisho wa mwezi. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

(e) Kuachana. Anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28. Mwajiri akimwachisha kazi mtu aliyetimiza mwaka au zaidi, humlipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mpaka miaka 10. Ikiwa alimwajiri mahali pengine, humsafirisha kurudi huko yeye na mizigo yake. Kwa sisi wa kisiwani hiyo ni pamoja na nauli ya kuvuka mpaka Nyamisati. Tena humpa cheti cha utumishi. Lakini angalieni: kiinua mgongo hiki hakilipwi kwa aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, wala kwa aliyefikia umri wa kustaafu. Kwa hiyo asiwepo mwajiri wa kusema, "Sipeleki michango, nitampa kiinua mgongo." Mzee aliyestaafu hutegemea michango.

(f) Kima cha chini. Hakuna kiwango kimoja kwa watu wote. Amri ya Mishahara huweka kiwango kwa kila aina ya kazi, nayo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Zilitolewa amri mwaka 2010, 2013, 2022, na tena 2025 ya kuanza kutumika Januari 2026. Anayelipa kwa kiwango alichokisikia zamani, na aulize upya.

4. Michango miwili isiyosahaulika

Wa kwanza ni wa uzee. Mwaka 1964 nchi yetu iliunda Mfuko wa Akiba wa Taifa, ambao ulimlipa mwanachama akiba yake kwa mkupuo. Fedha ya mkupuo huisha upesi. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza ukawa NSSF, wenye kulipa pensheni kila mwezi. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma wana mfuko wao wa PSSSF, na NSSF hushughulika na sekta binafsi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri hutoa 10, na mfanyakazi hukatwa 10.

Hapa tuseme wazi. Mwajiri anayekata asilimia 10 ya mfanyakazi na asiipeleke, huyo amechukua mali isiyo yake. Kwa hiyo mfanyakazi asingoje uzee ndipo aulize. Aombe taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka, alinganishe na hati zake za mshahara.

Wa pili ni wa ajali. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nchi ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri peke yake ndiye anayechangia, nusu ya asilimia moja ya mishahara. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiumia kazini hutibiwa na kulipwa wakati hawezi kufanya kazi. Akipata ulemavu wa kudumu kuna fidia yake, na akifa wategemezi wake hutazamwa.

Nani kisiwani asiyemjua mkwezi aliyeanguka mnazini? Mkwezi hulipwa kwa mnazi au kwa idadi ya nazi, na siku akivunjika mgongo mwenye shamba husema, "Yule alikuwa kibarua tu." Lakini mwenye shamba aliyemwajiri wakwezi mwaka mzima hawezi kujificha nyuma ya neno hilo. Na mkwezi anayezunguka kwa watu wengi, asiye na mwajiri mmoja, anaweza kujiandikisha mwenyewe NSSF na kuchangia kidogo kidogo. Akiba haiozi.

5. Hali za kisiwani kwetu

Uvuvi una desturi yake. Mara nyingi mabaharia hawapewi mshahara, hugawana. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu, kisha huhesabiwa fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na la mabaharia, na kila mtu hurudi nyumbani na kitoweo. Desturi hii ina haki ndani yake, maana wote hupata au kukosa pamoja. Ubaya huingia pale mwenye chombo anapotaja gharama ambazo hakuna aliyeziona. Basi mgawo ujulikane kabla ya kushua chombo, gharama ziandikwe katika daftari linaloweza kusomwa na wote. Na mtoto wa chini ya miaka 18 asiwekwe kuwa baharia, sheria yakataza.

Hoteli zina majira. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, wageni wameongezeka, na vijana wetu wengi wamepata kazi. Lakini masika yakifika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga. Kijana na aulize mapema, wala asingoje mvua: Je, ajira yangu inaendelea? Siku hizi ni likizo yangu ya mwaka, au nimeachishwa? Ajibiwe kwa maandishi. Na bakshishi ya mgeni aliyefurahi baada ya kuogelea na papa potwe ni zawadi, isichanganywe na mshahara.

Nyumbani ndiko tunakokosa zaidi, kwa sababu tunasema, "Huyu ni kama mwanangu." Ni neno zuri. Lakini mwanao humpeleki kulala saa sita na kumwamsha saa kumi kila siku bila kupumzika. Ikiwa ni kama mwanao, basi apate siku yake ya mapumziko, mshahara wake uwe mkononi mwake, na michango yake ipelekwe.

6. "Lakini hatuna fedha"

Hilo ndilo jibu tulilokuwa tukilitoa sisi. Tufanye hesabu, kwa mfano tu, ya mfanyakazi wa 200,000/= kwa mwezi:

Mshahara: 200,000/=
NSSF, sehemu ya mwajiri: 20,000/=
WCF: 1,000/=
Akiba ya kumlipa atakayeshika zamu wakati wa likizo: karibu 16,700/=
Akiba ya kiinua mgongo: karibu 4,500/=
Jumla: karibu 242,200/=

Kwa hiyo anayepanga kuajiri mtu kwa 200,000/= ajue kwamba gharama yake ya kweli ni kama 242,000/=. Asipoweza, na aajiri kwa saa chache zaidi, au ashirikiane na jirani. Kuificha ile 42,000/= hakuifuti, kunaihamisha tu. Mlinzi wetu ndiye aliyeibeba kwa miaka 16, pasipo kujua.

Maandiko nayo hayanyamazi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, kibarua maskini hulipwa siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake unaungojea ujira ule. Katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu alipatana kwanza na wafanyakazi wa asubuhi juu ya dinari moja, na jioni aliwalipa walichopatana. Majirani zetu Waislamu nao hufundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Katika jambo hili kisiwa kizima twaweza kusema kwa sauti moja.

7. Mambo ya kufanya

Kwanza, kila mwenye mfanyakazi aandike nakala mbili za makubaliano, moja ya kila upande.

Pili, kila mwezi mfanyakazi apewe karatasi inayoonyesha mshahara, makato na kiasi alichopokea. Bahasha tupu haitoshi.

Tatu, halmashauri na kamati zetu ziulize katika kila kikao cha fedha: Michango ya mwezi uliopita imepelekwa? Risiti iko wapi?

Nne, aliyekosa miaka ya nyuma asifiche. Aende NSSF aeleze, aanze kulipa malimbikizo.

Tano, mfanyakazi mwenye malalamiko azungumze kwanza na mwajiri kwa heshima. Wasipopatana, amwone Afisa Kazi, au apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikawie: kwa kuachishwa kazi muda ni siku 30, na kwa madai mengine siku 60.

8. Maswali ya kuzungumza katika vikundi

(i) Je, katika mtaa wetu ni watu wangapi wanaotufanyia kazi, na wangapi kati yao wana makubaliano ya maandishi?

(ii) Tunapotoa zawadi ya sikukuu, je, tunaongeza juu ya haki au tunafunika haki isiyotolewa?

(iii) Mkwezi wa kijiji chenu akianguka leo, nani atamtibu, na watoto wake watakula nini?

(iv) Mzee akituuliza, "Mwezi ujao nije kuchukua nini?" tutamjibuje?

Mlinzi wetu yungali hai. Tukipita kwake humwamkia shikamoo, naye huitikia kwa furaha. Fedha ya mwezi huu tumekwisha kumpelekea. Wale wenye mlinzi kijana langoni, anzeni naye mwezi huu, ili uzee wake usitegemee kumbukumbu zetu.